Mwalimu wa Kijerumani Anayefundisha Kupita Kiasi

Chumba Namba Sita,
Idara ya Lugha.
Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza.

Kwa Mkuu wa Chuo,
Jengo la Utawala, ghorofa ya juu.

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA CHUMBA NAMBA SABA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na mlango umeufunga, maana yaliyomo si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio unaoniwaka.

Unanijua vizuri. Ndimi mwalimu mwandamizi wa Kijerumani, miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja na kiti kimoja. Wanafunzi wananiita Mzee Kimya, jina nililolipokea kwa heshima zote, kwa sababu ukipita nje ya darasa langu husikii hata mtu akikohoa. Chumba cha jirani, Namba Saba, huu mwaka wa nne kimekaliwa na mwalimu mwenzangu mdogo, yule dada mwembamba anayefunga miwani kwa kamba shingoni. Wanafunzi hao hao wanamwita Mama Rudia. Kati yake na mimi upo ukuta wa mbao tu, na wala si mbao nene.

Tangazo lako limetufikia. Kuanzia mwaka ujao Kijerumani kitabaki na nafasi moja ya mwalimu badala ya mbili, kamati itakaa Ijumaa hii, na asiyechaguliwa atafungasha virago. Ni mimi au yeye. Nina miaka hamsini na sita, sijawahi kufanya kazi nyingine, na nyumbani wananitegemea. Kwa hiyo nimeona si vyema kamati ikakaa gizani. Naomba nieleze hoja kwa hoja, bila chuki hata chembe, kwa nini mwanamke huyu hafai kuachiwa darasa.

1. Njia yake ya elimu haieleweki.

Mtu wa heshima huingia katika lugha ya watu kwa mlango wa mbele. Mimi nilichaguliwa. Nikapewa sanduku, nikapelekwa Ujerumani miezi tisa, nikarudi na cheti cha kuhudhuria, nacho kimetundikwa nyuma ya kiti changu, ndani ya fremu. Naomba kamati ilizingatie neno hilo, kuhudhuria. Kufaulu, mtu anaweza kufaulu kwa bahati. Kuhudhuria lazima uwepo.

Yeye je? Yeye ameanzia kwenye karakana ya uchapaji. Sitanii, ndugu Mkuu. Baba yake mdogo alikuwa fundi wa mashine ya kuchapa, mashine yenyewe ya Kijerumani, na kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani mwanzo mwisho. Fundi alikuwa ameshapoteza ncha ya kidole kimoja na hakutaka kupoteza ya pili. Basi huyu binti, miaka kumi na mitatu, akakaa sakafuni na kamusi ya kuazima akamfasiria ukurasa baada ya ukurasa, likizo nzima. Maneno yake ya kwanza ya Kijerumani hayakuwa habari za asubuhi wala jina langu ni fulani. Yalikuwa zima kwanza, usiingize mkono, safisha kila wiki. Hayo ndiyo malezi? Mpaka leo anafundisha vivyo hivyo, kana kwamba mwanafunzi akikosea kuna kidole kitakatika mahali.

Kutoka hapo akaenda masomo ya jioni, huku mchana anapokea simu katika ofisi ya watu. Masomo hayo, nasema ukweli mtupu, aliyasoma hapa hapa chuoni na kwangu mimi. Alikuwa anakaa mbele na kuuliza maswali. Nilimpa daraja la C ili atulie, hakutulia. Akachukua stashahada kwa njia ya posta. Akapata shahada akiwa na miaka thelathini, amebanana dawati moja na watoto wa kumwita shangazi. Kisha akaomba mwenyewe, kwa barua ya mkono wake, bila kuchaguliwa na mtu yeyote, nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Ujerumani, wakampa! Akakaa miaka miwili. Anasimulia bila haya mbele ya wanafunzi kwamba mwezi wa kwanza alishindwa kununua sabuni, akarudi chumbani akalia. Mimi miezi tisa yangu yote sikudondosha chozi, kwa sababu tulikuwa watu kumi na wanne wa kwetu, tunakaa pamoja, tunapika pamoja, na hatukuwa na haja ya kumwuliza mtu kitu. Na aliporudi, wenzake wakishusha majokofu, yeye akashusha maboksi matatu ya vitabu. Nasikia mama yake mzazi aliyafungua yote matatu akachakura mpaka chini akitafuta zawadi.

Sasa anasomea shahada ya uzamivu, na utafiti wake, haki ya Mungu, unahusu makosa. Anayakusanya makosa ya wanafunzi, anayapanga, anajiuliza kwa nini fulani alikosea hapa na hakukosea pale. Chuo kinampa ruhusa kila Jumatano aende kusomea makosa. Mimi makosa ninayo darasa zima, ya kila aina, na sijaomba ruhusa hata siku moja.

2. Kelele.

Darasani kwake wanafunzi wanazungumza. Wangekuwa wanapiga soga ningewasamehe, sisi sote tulikuwa vijana. Hawa wanazungumza Kijerumani. Wanauziana viatu, wanagombana na mwenye nyumba, wanamweleza daktari wanapoumwa, yote ya kubuni na yote kwa sauti ya juu. Siku moja nilisikia mtu analia kule ndani kwa kwikwi, nikatoka mbio na chaki mkononi nikidhani pametokea msiba. Kumbe ni mtihani wa mazungumzo. Kijana amepotelewa na sanduku stesheni, sanduku lenyewe halipo, stesheni yenyewe haipo, na wenzake wameshampa leso.

Njia yangu inajulikana. Lugha ni kitu cha kutazamwa kwanza. Naandika ubaoni, wananakili, nafuta. Mwaka wa kwanza hawafungui mdomo. Mwaka wa pili wanafungua kwa ruhusa. Mwaka wa tatu wanahitimu. Lakini tangu huyu dada aje, wanafunzi wangu wote wamehamia upande wa ukuta. Kule dirishani kwenye hewa nzuri hakuna mtu, huku ukutani wamebanana, na daftari zao zimejaa vitu ambavyo sikuviandika ubaoni. Wiki iliyopita nilikuwa nimewapa mgongo, darasa zima likaangua kicheko. Sikuwa nimesema kitu. Mzaha ulitoka Namba Saba, na wao wakauelewa. Nami ikabidi nicheke, baadaye kidogo, ili nidhamu isivunjike.

3. Kitabu.

Kitabu cha kiada cha idara yetu kinaishia somo la kumi na nne. Zamani kilikuwa na masomo thelathini, lakini mvua iliingia stoo kabla sijaajiriwa, na nusu ya nyuma ya nakala zote ikaoza. Sikulalamika. Nimefundisha masomo kumi na manne kwa miaka mitatu mitatu, polepole, na hakuna aliyedai kapunjwa. Katika somo la kumi na nne ile familia ya kitabuni, baba, mama, watoto wawili na mbwa, inapanda treni kwenda kumwona bibi mgonjwa. Treni inaondoka. Basi. Hapo tunafunga kitabu na kufanya mtihani wa mwisho.

Huyu dada alipokuja, hata miezi miwili haijaisha, akawaandikia wachapishaji, akaletewa nakala nzima, akatoa fotokopi ya masomo kumi na sita yaliyobaki na kuyagawa. Hakuniuliza! Balaa lililofuata nadhani lilikufikia huko juu. Wahitimu wangu wa zamani, watu wazima wenye vitambi na vyeo, walianza kuja chuoni mmoja mmoja. Alikuja afisa wa benki. Alikuja mkunga mkuu. Walipita mlango wangu, wakanipungia mkono, wakagonga Namba Saba, wanaomba fotokopi wajue kama bibi alikutwa hai. Yule afisa wa benki alisomea pale pale koridoni, amesimama na tai yake, akavua miwani akafuta macho. Aliponiona akaniambia eti, mwalimu, miaka kumi na miwili nilikuwa najiuliza. Mimi sijasoma na sina mpango wa kusoma. Nilimwambia arudi kazini.

4. Kusahihisha.

Anakusanya daftari Jumatatu, Alhamisi ameshazirudisha. Zote! Na hasahihishi kama watu. Anaandika kwa penseli, pembeni, maneno kama hapa ulikaribia sana. Karibia wapi? Enzi zetu kulikuwa na sahihi na kosa, hakuna anayekaribia.

Kazi ya mwanafunzi ikisahihishwa mapema bado ina joto, na mwalimu anaweza kumwonea mtu au kumpendelea. Mimi huziacha zipoe kabatini. Za mwaka huu zilikuwa zinapoa, za mwaka jana zinapoa, na za mwaka juzi zilikuwa karibu kabisa kuwa tayari. Sasa kwa sababu ya tabia ya jirani yangu, wanafunzi wamepata kiburi cha kuja kunigongea na kuulizia karatasi zao. Mmoja alikuja na mama yake.

5. Anakiri hajui.

Hili ni fupi kwa sababu ni la aibu. Kijana alimwuliza swali, yeye akasema mbele ya darasa zima, nami nikisikia ukutani kwa masikio yangu mawili, sijui, nitaangalia, kesho nitakujibu. Kesho yake akamjibu. Umeona? Hata hakujitia kusahau. Sasa na wangu wameanza kuniuliza maswali na kunipa mpaka kesho.

6. Mama mfagizi.

Hapa naomba uvute pumzi. Mama anayefagia jengo letu, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kupiga deki mbele ya mlango wa Namba Saba kwa muda mrefu kuliko sakafu yenyewe inavyostahili. Baadaye nikamwona ameegemea fito ya ufagio, anasikiliza. Baadaye amepewa kiti. Nilidhani miguu inamsumbua. Jamani, mwezi wa sita huyu mama alikwenda kufanya ule mtihani wa kimataifa wa Kijerumani, akafaulu, akampita mwanafunzi wangu bora wa miaka kumi iliyopita! Mama Rudia akaleta keki idarani na mishumaa juu, watu wakaimba. Mimi nilikula kipande changu kwa sababu sina roho mbaya.

Lakini tazama matokeo yake. Siku chache baadaye mama huyo alinikuta koridoni, akanisalimu kwa Kijerumani, kisha akaendelea kuzungumza, kirefu, kwa adabu, mikono ameishika mbele. Mwalimu mwandamizi hawezi kumwomba mfagizi arudie alichosema. Nikamjibu ndiyo. Akauliza tena, nikajibu ndiyo. Akauliza mara ya tatu, kwa wasiwasi kidogo, nikamjibu ndiyo na kutikisa kichwa. Jioni nilipofungua kabati lilikuwa jeupe. Kumbe alikuwa ameniuliza kama zile karatasi zilizoshika ukungu zitolewe, kama nina uhakika, na kama ziende kuchomwa siku hiyo hiyo. Zilichomwa. Miaka mitatu ya kazi za wanafunzi! Ikabidi niwape wote daraja moja. Kwa taarifa yako hakuna aliyekata rufaa, jambo linaloonyesha kwamba haki ilitendeka.

Sina ubaya na yule mama. Nasema tu kwamba aliyeshika ufagio anapomwacha mwalimu mdomo wazi koridoni, kosa ni la aliyemfundisha.

7. Mgeni.

Hili umelishuhudia, lakini hukulielewa, kwa hiyo nalieleza. Yule profesa mama mrefu wa chuo rafiki cha Ujerumani alipotutembelea, ulinipa mimi heshima ya kumkaribisha. Nilijiandaa wiki mbili. Nilisimama katika ukumbi wa baraza na suti yangu ya harusi, nikatoa sentensi ishirini na mbili bila kuangalia karatasi na bila kosa hata moja, nanyi wote mkapiga makofi. Zilikuwa sentensi za somo la kumi na moja. Ni somo zuri sana. Mtu yuko dirishani anakata tiketi mbili za daraja la pili na kuuliza kama behewa la chakula lipo.

Mgeni aliniangalia. Akaniuliza kitu. Nikatabasamu. Akauliza kingine, taratibu zaidi, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Wewe ulikuwa unanitazama kwa fahari, unasubiri jibu langu. Ndipo Mama Rudia akainuka kule nyuma, akasema maneno machache, mgeni akaitikia, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuninamia kidogo. Mkapiga makofi tena.

Baadaye mwanafunzi mmoja aliyekuwa anagawa maji alinieleza kilichosemwa. Mama Rudia alimwambia mgeni kwamba mwalimu wetu mkubwa hana sauti leo, koo linamsumbua, daktari amemkataza kuongea zaidi. Na kwamba yeye mwenyewe Kijerumani chake cha darasani alianzia kwa mwalimu huyu, jioni, baada ya kazi, na kama si darasa lile lisingekuwepo lingine.

Koo langu ni zima! Naomba liandikwe katika kumbukumbu za kamati. Huyu mtu alidanganya kuhusu afya ya mtumishi wa chuo mbele ya mgeni wa kimataifa. Na nasema wazi, ndugu Mkuu, iliniuma. Niliumia mpaka chai ikanishinda. Angeniacha nianguke ningejua nina adui, nami ningepambana naye kiume. Lakini anakuokoa mbele za watu, na kesho yake asubuhi anakuamkia shikamoo mwalimu kama siku zote, wala halitaji jambo lile tena, si kwako, si kwa mwingine. Mtu wa namna hiyo utamshika wapi? Miezi mitano sasa namwitikia marahaba huku nimeuma meno.

8. Anamaliza Kijerumani.

Nimeiweka ya mwisho kwa sababu ndiyo inayokihusu chuo chenyewe. Mwanafunzi akifundishwa mpaka akajua, anaondoka. Akiondoka anajua, harudi. Akimfundisha na mwenzake, huyo naye haji. Tukiendelea hivi miaka kumi, mji mzima utakuwa unajua Kijerumani, getini hakuna foleni, madarasa matupu, na wewe mwenyewe, kwa heshima zote, utakuwa mkuu wa majengo. Tayari mlinzi wa geti anawasalimu wageni bila msaada. Tayari katibu muhtasi wako anakwenda Namba Saba saa ya chakula. Sikutaka kumsema, lakini anakwenda.

Mikononi mwangu, kwa miaka ishirini na miwili, hakuna hata mtu mmoja aliyemaliza Kijerumani. Nimekitunza. Kipo chote kama nilivyokikuta. Wahitimu wangu wanarudi kusoma upya, wengine mara mbili, na watoto wao watakuja. Kamati ijiulize ni nani kati yetu anayefikiria kesho ya chuo, na nani anayekigawa kama maji ya bomba.

Kwa sababu hizo naomba: kwanza, nafasi ile moja ipewe mimi. Pili, mwenzangu asifukuzwe kwa fedheha, maana ni mtu wa watu na ana mama mzee. Apewe ofisi isiyo na wanafunzi, kwa mfano Mipango, aendelee na makosa yake huko. Tatu, kabla hajaondoka arudishe fotokopi zote. Nne, ukuta ule ujengwe wa matofali, hata kama atakuwa hayupo, kwa usalama.

Nimeandika haya kwa uchungu wa mtu aliyekipa chuo hiki nywele zake zote. Sina la kuongeza. Uamuzi ukiwa wowote ule, nitaupokea kama mtumishi, ingawa ningependa uwe huo niliouomba.

Nisalimie mama watoto na watoto wote, hasa yule mkubwa niliyemfundisha mwaka juzi; mwambie daraja lake lilikuwa sawa na la wenzake. Nisalimie katibu muhtasi, asiichukulie vibaya hoja ya nane. Mhasibu, dereva, mlinzi, mabibi wa maktaba, wajumbe wote wa kamati mmoja mmoja, na mama mfagizi pia, wote wasalimie sana. Hata huko Namba Saba ukipita, salamu zangu zifike, maana sisi tumelelewa.

Wako katika kazi na katika subira,

Mwalimu Mwandamizi wa Kijerumani,
Chumba Namba Sita.

Nyongeza: Lipo jambo dogo la kifamilia ambalo halihusiani na hayo ya juu. Binti yangu wa mwisho amepata nafasi ya kuanza hapa chuoni mwaka ujao, naye amechagua Kijerumani. Sikumshauri wala sikumkataza. Ana kichwa kizuri yule mtoto, ndugu Mkuu, kizuri kuliko changu, na anauliza sana. Fomu za kujiandikisha zilichapishwa kabla ya tangazo lako, kwa hiyo bado zina visanduku viwili, Namba Sita na Namba Saba, na mzazi ndiye anayetakiwa kutia alama na sahihi. Binti aliniletea fomu mezani, akaiweka, akaondoka. Nimetia alama kwenye Saba.

Sasa, kamati ikikubaliana nami Ijumaa, kama hoja zangu zinavyostahili, naomba kwa unyenyekevu isubiri miaka mitatu kabla ya kumwondoa yule mwalimu, mpaka mtoto amalize. Najua maana yake. Nafasi ni moja, na akikaa yeye, mimi ndiye wa kwenda nyumbani. Nimelipigia hesabu Jumamosi na Jumapili, mama yake nimemweleza, akaniletea kalamu.

Chini kabisa ya fomu kuna mstari wa sababu za mzazi kuchagua darasa hilo. Niliandika hiki nikafuta, nikaandika kile nikafuta, karatasi ikakaribia kutoboka. Ukiiona usiisome mbele ya watu. Nimeandika: nataka mtoto ajue.